Bi Harusi, Mtihani na Mkeka Wetu wa Kiingereza



Leo hatukuja na mapishi wala mitindo ya piko. Tumekuja na habari ya mkeka mmoja, madaftari matano na mtihani wa Kiingereza. Tunajua wako kati yenu wenye cheti cha kidato cha nne kilichofichwa chini ya godoro kwa sababu ya somo moja. Wako mama wanaojifanya wana shughuli jikoni kila mtoto akija na daftari lake la skuli kuuliza. Na wako mabibi harusi ambao tarehe ya ndoa na tarehe ya mtihani zimegongana, na hawajui waanzie wapi kusema. Haya tunawaandikia nyinyi.

Kilichotukalisha mkekani

Sisi ni wanawake watano wa Ng'ambo, hapa Unguja. Mmoja wetu anauza maandazi na vitumbua asubuhi. Mmoja ni mshoni wa nguo za harusi. Mmoja ni mama wa watoto wanne, wawili wako sekondari. Mmoja ni mjane aliyekwishavuka miaka 45. Na mdogo wetu alikuwa na miaka 21, posa yake imeshapokelewa na mchumba yuko Muscat kikazi. Kwa sura hatufanani, lakini sote tulikuwa na jambo moja: tulikaa mtihani wa kidato cha nne, wengine juzi, wengine zamani, na sote tulianguka Kiingereza.

Tungeendelea kunyamaza kama si chupa ya dawa ya kifua. Usiku mmoja mtoto mdogo wa mwenzetu alikohoa mpaka akatapika. Baba yake alikuwa safari. Mama akafungua chupa iliyonunuliwa duka la dawa siku ile, akasoma maandishi kwa mwanga wa simu. Aliona neno lenye "spoon" mwishoni, akajua ni kijiko. Akachukua kijiko kikubwa cha kulia wali, akamnywesha. Chupa ilikuwa imeandika "teaspoon", kijiko kidogo cha chai. Kijiko kikubwa kinabeba vijiko vitatu vya chai. Mtoto alilala usingizi mzito mpaka karibu na Adhuhuri, na mama yake alikaa pembeni ameshika mkono wake, anahesabu pumzi.

Alhamdulillah, aliamka, akaomba uji. Lakini jioni ile mama alikuja barazani kwa mjane wetu, akalia kama aliyefiwa. "Nilikwenda skuli miaka kumi na moja," alisema, "nimeshindwa na chupa."

Hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na chupa yake. Mshoni alikuwa amepoteza kazi ya mteja mgeni kwa kutofahamu ujumbe aliotumiwa. Muuza maandazi alimsainia mwanawe karatasi ya skuli bila kujua inasema nini. Mdogo wetu alitaka kusomea uuguzi, na cheti chake hakikumruhusu.

Tukajiandikisha watahiniwa wa kujitegemea kwa mtihani wa Novemba. Sisi wanne Kiingereza peke yake, mdogo wetu masomo matatu. Tukatandika mkeka ukumbini kwa mjane, siku nne kwa wiki, kuanzia baada ya sala ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi. Kila Jumamosi alitujia mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani, mama wa watu mwenye sauti ndogo na kalamu nyekundu. Tulimwita Bi Mwalimu, na hakutaka malipo ila chai na maandazi, ambayo tulikuwa nayo ya kutosha.

"Kitawasaidia kaburini?"

Maneno hayakukosekana. Khalati mmoja alitupitia tumekaa na madaftari, akauliza: "Hicho Kiingereza kitawasaidia kaburini?" Mjane wetu, ambaye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi wake mwenyewe, aliinamisha kichwa. Usiku ule alitwambia labda kwa umri wake angeshika tasbihi tu na kuachana na vitenzi.

Tulilichukua swali lile, hatukulitupa. Tulilipeleka kwenye darsa ya wanawake ya Alhamisi, na ustadhati akatukumbusha mambo ambayo tuliwahi kuyasikia lakini hatukuwahi kuyafikiria kwa nafsi zetu. Neno la kwanza kushuka kwa Mtume wetu, sala na amani zimshukie, lilikuwa amri ya kusoma. Shifaa bint Abdullah alimfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume.  Na Zayd bin Thabit aliamriwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao. Katika riwaya ya Tirmidhi, hakutimiza nusu mwezi ila alikuwa ameshayajua.

Mjane wetu aliposikia nusu mwezi alisema, "Mimi nipeni nusu mwaka." Tukacheka sote. Ustadhati naye akacheka, akatwambia tuitazame nia: ukisoma ili mtoto wako asinyweshwe dawa kwa makosa, kusoma kwako ni ibada. Kuanzia siku ile tulifungua kila kikao kwa Bismillahi na dua ya kuomba kuzidishiwa elimu. Darsa ya Alhamisi hatukuiacha, na tasbihi ilikaa pale pale juu ya daftari.

Makosa yetu, bila kuficha

Makosa tulikuwa nayo ya kujaza kapu. Tunayataja kwa sababu mtayaona na kwenu.

La kwanza ni "he" na "she". Kiswahili chetu kina "yeye" tu, mume na mke wote wamo. Basi tuliandika mama zetu kuwa wanaume na waume zetu kuwa wanawake, ukurasa mzima. Mshoni alipata dawa yake: kila mteja akiingia, alimsemea moyoni sentensi tatu. Huyu ni mwanamke, anataka gauni, mumewe atalipa kesho. Kwa mwezi mmoja wa kufanya hivyo cherahanini, kosa lile lilimtoka bila kukaririshwa.

La pili ni "a" na "the", vijineno ambavyo kwetu havipo. Bi Mwalimu alitueleza kwa njia ya ugeni. Kitu kikibisha hodi kwa mara ya kwanza katika habari yako, ni mgeni, kipe "a". Kikishaingia ndani na kila mtu amekiona, ni mwenyeji, kipe "the". Niliona gauni dukani: gauni hilo ni mgeni. Gauni lilikuwa jekundu: sasa ni mwenyeji. Haifungui kila mlango, alisema, lakini inafungua mingi.

La tatu ni "for" na "since". Sisi sote tuliandika "since five years". Bi Mwalimu akasema moja linataka urefu wa muda, jingine linataka siku ulipoanza. Tulitikisa vichwa kama tumefahamu, na hatukufahamu. Ndipo mjane wetu akasema polepole: "Kama edda." Tukamtazama. "Nilikaa ndani miezi minne na siku kumi. Huo ni urefu, ni 'for'. Lakini nilikaa tangu Ijumaa aliyofariki. Hiyo Ijumaa ni 'since'." Chumba kilinyamaza. Bi Mwalimu aliiweka kalamu yake chini, akasema hajawahi kusikia mtu akalieleza jambo lile vizuri zaidi. Hakuna kati yetu aliyekosea tena "for" na "since" mpaka leo.

Na la nne lilikuwa la mama wa watoto wanne. Katika insha ya kujieleza, "nimeolewa" aliiandika "I was married". Bi Mwalimu alipoisoma alimtazama kwa huruma: "Pole mwanangu, lini ameachana nawe?" Mwenzetu akaruka: "Nani kaniacha? Nimemwacha anakula sasa hivi!" Kumbe Kiswahili "nimeolewa" ni jambo lililotokea na bado lipo, lakini maneno yale ya Kiingereza yanasimulia jambo lililokwisha. Alitakiwa aandike "I am married". Kwa herufi chache angemkosa mume katika karatasi ya serikali.

Kuoa na kuolewa

Sasa tunafika pale ambapo kikao chetu kiligeuka.

Jumamosi moja tulikuwa tunafanya zoezi la kugeuza sentensi, kutoka kauli ya kutenda kwenda kauli ya kutendwa. Ni zoezi linalotoka mno katika mtihani. "The cook fried the fish" inageuka "The fish was fried by the cook." Mpishi alimkaanga samaki, samaki alikaangwa na mpishi. Tulikuwa tunakwenda vizuri.

Kisha Bi Mwalimu akaandika: "He married her." Akatutaka tuseme habari hiyo hiyo tukianza na yule mwanamke. Sote watano, kwa pamoja na kwa kujiamini, tuliandika "She was married by him." Kwani Kiswahili si ndivyo kinavyosema? Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa.

Bi Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. "Hapo mumeo mmemfanya sheikh," alisema. "Atakayesoma atadhani huyo bwana ndiye aliyefungisha ndoa." Akaandika jibu: "She married him." Kitenzi kile kile, mwanamke amekaa mbele yake kama mwanamume alivyokaa.

Tulibishana mpaka adhana. Muuza maandazi alisema Kiingereza kimekosa adabu. Mshoni alisema amekipenda. Mjane alisema jambo ambalo tumelishika: bibi zetu walisema "kuolewa" maisha yao yote, lakini hawakuwa samaki wa kukaangwa. Sarufi ni sarufi tu. Katika dini yetu bi harusi huulizwa. Bikira akinyamaza kwa haya, kunyamaza kwake ni jibu, na aliyewahi kuolewa husema kwa mdomo wake. Khansaa bint Khidam aliozeshwa na baba yake bila ridhaa yake, akaenda kumshitakia Mtume, na ndoa ile ikavunjwa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Kwa hiyo mwanamke wa Kiislamu anaweza kuwa katika kauli ya kutendwa kwenye sentensi, na akawa na neno lake kwenye ndoa.

Mdogo wetu, bi harusi, hakuchangia kitu siku ile. Alikuwa ameinama juu ya kitabu cha tamthilia kilichokuwa katika orodha ya vitabu vya fasihi, "Three Suitors: One Husband" cha Guillaume Oyônô-Mbia wa Cameroon. Kinamhusu msichana Juliette, anayerudi kijijini kutoka skuli ya sekondari na kukuta wazee wameshapokea fedha za wachumba bila kumuuliza. Tulidhani anasoma. Baadaye alitwambia alikuwa kwenye ukurasa ule ule kwa nusu saa.

Tarehe

Yeye hakuwa Juliette. Mchumba wake alimtaka na yeye alimtaka, aliulizwa na alikubali. Tatizo lake lilikuwa dogo kwa wengine na kubwa kwake. Likizo ya mchumba kutoka Muscat ilikuwa Novemba. Wazee walikaa wakapanga nikaha Ijumaa na harusi Jumapili yake, katikati kabisa ya wiki za mtihani. Bi harusi atiwe ndani wiki moja kabla, asingwe singo na liwa, apakwe hina, kisha fungate siku saba. Hesabu ilikuwa rahisi: karatasi zake zingempita akiwa ndani.

Mama yake alisema mtihani upo kila mwaka. Na kweli upo. Lakini sisi wanne tuliokuwa mkekani tulijua namna "mwakani" inavyokwenda. Mjane wetu aliambiwa "mwakani" akiwa na miaka 20. Ikaja mimba, akaja mtoto, akaja mkwe mgonjwa, na mwakani yake ikachukua miaka 25. Hatukumwambia mdogo wetu afanye nini, maana si kazi yetu kumpambanisha na wazazi wake. Tulimuuliza tu: "Umewaambia?" Akasema hapana. Alikuwa anangoja waone wenyewe.

Wiki nzima hakusema. Kisha akafuata njia ya watu wenye adabu zao. Alimwambia shangazi yake, shangazi akamwambia baba, na baba akampigia simu mchumba. Mchumba alisema hakujua kama kuna mtihani. Hakuna aliyemwambia! Akasema nikaha ibaki Ijumaa, na kumwingiza mke nyumbani kungoje mpaka karatasi ya mwisho. Siku tisa tu zaidi, na likizo yake ilikuwa mwezi.

Tusiwadanganye kuwa yote yalikuwa asali. Ukumbi ulikuwa umeshatolewa arubuni kwa Jumapili ile, na arubuni haikurudi. Kadi zilichapishwa upya. Mama mkwe alinuna, akasema hajasikia bi harusi anayemwambia mume ngoja nimalize kuandika. Mshoni peke yake ndiye aliyefurahi waziwazi, kwa sababu gauni lile lilikuwa lake kulishona na yeye mwenyewe alikuwa na mtihani.

Na mdogo wetu akaongeza jambo moja. Kabla ya nikaha, kwa kupitia baba yake, alitaka ikubaliwe kwamba akifaulu ataendelea na masomo ya uuguzi. Mchumba alikubali mbele ya mashahidi, ikaandikwa. Sheikh alisema masharti ya ndoa ni ahadi nzito, na Mtume ametuhimiza kuyatimiza kuliko masharti mengine yote. Dada yetu unayekaribia nikaha, tulichojifunza hapa ni hiki: jambo lako liseme kabla. Likisemwa kabla ni sharti, likisemwa baada linaitwa ugomvi.

Asubuhi ya karatasi

Siku ya Kiingereza muuza maandazi aliamka saa nane za usiku, akakaanga, akauza, akasali Alfajiri, akaja kituoni na harufu ya iliki mikononi. Mjane alisahau miwani, mwanawe akaileta mbio kwa baiskeli. Mdogo wetu alikuwa mke wa mtu wa siku nne, bado yuko kwao, mikono mitupu bila hina.

Karatasi ni ya saa 3. Tuliingia tukiwa tumekubaliana mambo machache ambayo yametusaidia, na tunawapa nanyi.

1. Kwenye ufahamu, soma maswali kwanza, kisha habari. Ukiyajua wanayoyatafuta, macho yako hayatapotea. Na neno gumu lisikusimamishe, soma sentensi ya kabla na ya baada yake, mara nyingi maana imekaa hapo.

2. Kwenye muhtasari, hesabu maneno. Wakikutaka usizidi idadi fulani, usizidi. Mifano na mapambo yaache, chukua mafupa.

3. Msamiati usiukariri kwa orodha. Sisi tuliandika maneno matano kwa siku, kila neno ndani ya sentensi ya nyumbani kwetu. Neno "shrink" halikushika mpaka mshoni alipoandika kuwa kitambaa cha pamba kilirudi baada ya kufuliwa.

4. Anza na unayoyajua. Maneno "sugar", "coffee" na "lemon" yamepita kwa Waarabu kama sukari, kahawa na limau zetu. Hata "syrup", jina la ile dawa iliyotuliza, linatokana na sharabu ya Kiarabu. Kiingereza si mgeni kabisa nyumbani mwetu, kimewahi kula nasi.

5. Soma kila kilichoandikwa: kopo la maziwa, karatasi ya dawa, tangazo ukutani. Dakika kumi kila siku zina faida kuliko saa tano za usiku wa mwisho.

Katika karatasi ile lilitoka swali la kauli ya kutendwa. Hatukuangaliana, maana hairuhusiwi. Lakini kila mmoja wetu alijua wenzake wanne wanatabasamu.

Siku ya karatasi yake ya mwisho, mdogo wetu alipotoka kituoni alikuta shangazi na somo wake wanamngoja na gari, ndoo ya singo imeshakorogwa nyumbani. Somo, kama mjuavyo, ndiye anayemfunda bi harusi mambo ya unyumba. Anasimulia kwamba alimsugua liwa huku binti anamuuliza kama aliandika sawa mkondo wa damu kwenye moyo. "Nimefunda mabibi harusi wengi," alisema, "huyu ndiye wa kwanza kunifunda mimi." Harusi ilifana. Mama mkwe alicheza. Kununa kulikwisha pale alipomwona mwanawe anavyotabasamu.

Matokeo

Yalitoka Januari, tukayatazama kwenye simu moja, vichwa vitano vimegusana. Mama wa watoto wanne, yule wa chupa, alipata B. Mdogo wetu alipata C, na zile sayansi mbili alizipata. Mshoni C. Muuza maandazi D, ambayo kwa mtihani huu ni alama 30 hadi 44, ni kufaulu, na aligawa vitumbua bure mtaa mzima.

Mjane wetu alipata F.

Hatukujua la kusema. Yeye ndiye aliyetupa mkeka, ukumbi na chai, yeye ndiye aliyetufahamisha "for" na "since". Alisema "Alhamdulillah ala kulli hal", akaingia ndani kusali. Tulirudi majumbani kimya, na furaha zetu tumezifunika kama mtu anavyofunika sahani anapopita kwa jirani mwenye njaa.

Kesho yake baada ya Alasiri tulikwenda kumpoza. Tulikuta mkeka umeshatandikwa. Daftari lake liko wazi na kalamu iko juu yake. "Wino haujaisha," alisema. "Nani atanisikiliza leo?"

Basi tunaendelea. Safari hii sisi wanne ndio walimu na yeye ni mwanafunzi mmoja mwenye walimu wengi mno. Wameongezeka na majirani wawili wapya, mmoja posa yake imekuja mwezi uliopita. Mdogo wetu amepeleka maombi ya chuo. Mumewe amerudi Muscat, na wamekubaliana ujumbe wa Ijumaa uwe wa Kiingereza. Anatwambia mume wake bado anachanganya "he" na "she", na yeye humsahihisha kwa upole, kama Bi Mwalimu, ila bila kalamu nyekundu.

Na wiki iliyopita jirani alibisha hodi usiku kwa mama wa watoto wanne, mtoto mgongoni, chupa ya dawa mkononi. Mwenzetu aliishika, akaisoma yote mpaka mwisho. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kijiko kidogo cha chai.

Dada zetu, tunawaombea Mwenyezi Mungu awazidishie elimu yenye manufaa, awape waume wanaouliza na wanaosikiliza, na awafungulie kila karatasi iliyo mbele yenu. Na dua moja maalumu muiombe pamoja nasi, kwa mwenzetu mmoja wa Ng'ambo ambaye Novemba ijayo, in shaa Allah, ataingia chumba cha mtihani na miwani yake usoni.

Amin.